Nani Atembee Mbele ya Yaqoob

Wete, Pemba
9 Januari 2025

Kaka Marhoon,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti la shemeji Nasriya limepoa. Sisi huku hatujambo. Njia ya mtaani kwetu imegeuka bwawa, na kibandani nina majokofu manane ya watu, maana umeme ukikatika kila mtu anadhani jokofu lake limekufa, ananiletea mimi kama daktari. Mama anakusalimu. Macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale. Jana kaniambia nimenenepa kama mke wa tajiri.

Najua utashangaa kuona barua. Siku ya tatu ya matanga ya Baba ulisema hutopokea simu yangu mpaka ufe, na mimi nikaapa sitokupigia. Miaka ishirini na miwili sasa. Sote wawili tuna vichwa vigumu, basi wacha wasafiri wabebe karatasi. Hii anakuletea jirani yangu Bi Mwanamize, mwenye binti aliyeolewa huko Maskati.

Jambo lenyewe ni harusi ya mwanangu Yaqoob. Amenambia imepangwa Disemba, kijijini kwao bibi harusi, Rawya, kule milimani, ambako ndiko alikotoka babu yetu. Wewe unaijua desturi kuliko mimi. Watu wa bwana harusi huingia kijijini kwa miguu, wanaimba, na mbele yao hutembea mkubwa wa nyumba ameshika bunduki ya nyumba. Haipigwi hata risasi moja. Hushikwa tu, wenyeji waione, wajue nani kaja.

Bunduki ya Baba iko ukutani sebuleni kwako Sidab, lakini Baba alinipa mimi. Yaqoob anasema kuiweka nyumbani ni kibali kimoja na kuitoa hadharani ni kibali kingine, na hicho cha pili kinapita mezani kwako, hapo afisini kwenu kwa vibali. Kaka, nataka kumtangulia mwanangu siku hiyo. Niombee kibali. Sijakuomba kitu tangu tuwe watu wazima.

Mdogo wako,
Mahfoudh


Ruwi, Maskati
2 Februari 2025

Mdogo wangu Mahfoudh,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipata, nami nakujibu kutoka afisini, hapa Ruwi. Goti la Nasriya bado, lakini anakwenda nalo sokoni na kurudi na mifuko miwili, kwa hiyo simhurumii sana. Mpe Mama salamu zangu na unibusie mkono wake.

Umeandika khabari za harusi kama mtu anayemwambia mgeni. Mimi ndiye niliyekwenda kuposa. Mimi ndiye niliyekaa barazani kwa baba yake Rawya, nikala halua yake na kuhojiwa ukoo wetu mpaka babu wa saba. Yaqoob alikuja kwangu na miaka kumi na mbili, kwa ombi la Mama, hajui hata kuvaa kilemba. Nilimpeleka skuli, nilikaa naye hospitali alipovunjika mkono, nilimfundisha gari katika kiwanja cha nyuma ya soko la Ruwi hadi gia ikalia kama mbuzi. Lakini ni mwanao, bila shaka. Jina lako liko kwenye cheti.

Kuhusu kibali, utaratibu ni huu. Ombi hupokelewa, hufunguliwa jalada, huangaliwa kwa upande wa usalama, kisha hupelekwa kwa mkurugenzi. Siku hizi upande wa usalama umekuwa mgumu. Watu wengi, watoto njiani, na mtu mmoja akijikwaa tu huwa msiba. Nimeingiza jina lako. Linasomwa.

Bunduki ipo salama. Kila mwezi naifungua, naipaka mafuta, naipangusa kwa kitambaa laini. Nimefanya hivyo tangu Baba alipofariki, kwa kitu kisicho changu. Sijui kama umewahi kulifikiria hilo.

Marhoon


Wete
27 Februari 2025

Kaka,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema, maana itakuwa imeshaingia ukisoma haya. Tumenunua tende, zimeliwa kabla ya mwezi kuandama. Mama anasema hakula yeye. Nimemkuta na kokwa mfukoni.

Barua yako nimeisoma. Imeandikwa vizuri, kama tangazo la bandari. "Linasomwa." Kaka, jina langu lina herufi chache, linasomwa mwezi mzima?

Yaqoob kanieleza kitu kwa simu nikashindwa kukielewa. Anasema wiki iliyopita kulikuwa na harusi wilaya hiyo hiyo, watu wa Sheikh Hamdan, mkubwa wa kabila huko, wameingia na bunduki kumi na mbili, wengine wanazirusha juu na kuzidaka. Watoto walikuwapo njiani. Usalama ulikuwa wapi siku hiyo, ulikuwa likizo? Na rafiki yake mmoja, ambaye babu yake alirudi huko kutoka Mombasa kama Baba alivyorudi kutoka Pemba, aliomba moja tu akanyimwa.

Mimi si mtu wa siasa, mimi ni mtu wa majokofu. Lakini jokofu likigandisha upande mmoja na upande wa pili likaozesha, najua kuna kitu kimezibwa ndani. Wewe uko ndani, niambie ni nini.

Na jingine. Umesema umemlea Yaqoob. Ni kweli, na sijawahi kukataa. Lakini kila unapolisema unalisema kama mtu anayenyang'anywa. Mimi nilimtoa mwanangu nikampandisha ndege nikiwa nimesimama nje ya uzio. Usidhani nilikuwa napunguza midomo ya kulisha.

Mahfoudh


Ruwi
16 Machi 2025

Mahfoudh,

Salaam. Huku joto limeanza mapema. Sidab inanuka dagaa waliotandazwa kukaushwa, na Nasriya amefunga madirisha yote na kuniambia tuhame. Naambiwa tuhame kila Machi tangu nimuoe.

Umeniuliza kilichoziba ndani. Nitakwambia, kwa kuwa ni Ramadhani na mtu aliyefunga huona tabu kusema uongo mzima.

Hakuna usalama. Katika fomu ile kuna mahali pameandikwa usalama, na pale unaweza kujaza chochote. Kweli yenyewe ni uchaguzi wa wajumbe wa baraza, mwakani. Sheikh Hamdan anamsimamisha mtoto wa dada yake. Mwezi uliopita alikuja afisini, akaletewa kahawa kwa mkurugenzi wetu Fahd, na mimi nikaitwa nikae nao kwa sababu majalada yote yako kwangu. Fahd ana miaka thelathini na minne. Mimi nilianza kazi afisi ile kabla hajazaliwa, na sasa nagonga mlango wake kabla ya kuingia.

Sheikh hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema kwa Kiarabu chao cha milimani, taratibu, akizungusha kikombe: "Anayetembea nyuma ya bunduki zangu harusini, atanifuata na siku ya kura. Nyumba ikitembea na bunduki yake, imeshajiona ina mkubwa wake. Hawa waliorudi kutoka Afrika ni nyumba arubaini katika wilaya. Leo kila moja inadhani iko peke yake. Wakipewa kutembea, watahesabiana njiani."

Fahd akasema, "Lakini sheria haisemi wasipewe, Sheikh."

"Sheria sijaitaja mimi," akasema, akaweka kikombe chini.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Hawaogopi risasi. Bunduki ya Baba ina umri wa kumzaa yeyote kati yao, na risasi zake hazitengenezwi tena duniani. Wanaogopa mtu kuonekana ameishika.

Sasa fikiri na wewe. Ukija kutoka Pemba, huonekani mwaka mzima, halafu unatokea siku moja mbele ya kijiji kizima na bunduki mkononi, watu watauliza nani huyu. Mimi nimeishi hapa miaka hamsini. Nimezika na watu hawa. Na hiyo siku mimi nitakuwa wapi, Mahfoudh? Nyuma yako, miongoni mwa wapiga makofi? Hilo hujalieleza katika barua zako zote mbili.

Jalada bado liko mezani.

Marhoon


Wete
4 Aprili 2025

Kaka Marhoon,

Assalaam alaykum. Idi yetu ilikuwa njema. Mama alivaa leso mpya, akaketi mlangoni kupokea wajukuu wa mtaa mzima, akawapa peremende na kuwasema.

Barua yako ya Machi nimekaa nayo Ramadhani yote iliyobaki. Ya Sheikh na kura zake nimeyaelewa, na yamenichukiza, lakini sikukaa nayo kwa ajili hiyo. Nimekaa na lile swali lako, siku hiyo wewe utakuwa wapi. Ni kweli sikulieleza. Sikulifikiria, na naona haya.

Nitakwambia jambo ambalo ningelisema siku ya matanga badala ya kuapa. Unadhani Baba alinipa bunduki kwa kuwa alinipenda kuliko wewe. Nilipokuja mwezi ule wa mwisho, nikawa namnywesha maji kwa kijiko, alinambia hivi: "Marhoon nilimpa nafsi yangu. Nilimchukua, nikaishi naye. Wewe nilikuacha. Sina cha kukupa ila ile iliyo ukutani, na najua haitoshi." Basi. Ile bunduki ni mtu anayeomba radhi. Niliichukua nikakuachia wewe uitunze, kwa kuwa kila nikiitazama naona mwaka sabini na tano, Baba amekushika mkono wewe mwenye miaka tisa, mnapanda meli, na mimi nina sita, nimeambiwa mnarudi Ijumaa.

Nimekuonea wivu maisha yangu yote, Kaka. Mama alikuwa na picha yako umesimama na Baba pale Matrah, kanzu nyeupe, viatu. Nilikuwa naigeuza iangalie ukuta, Mama anaigeuza tena. Hata wewe kusema Baba alikuwa mkali kulinitia wivu, maana mimi hata ukali wake sikuupata.

Nimeamua hivi. Liondoe jina langu katika fomu, weka lako. Wewe ndiye uliyemlea Yaqoob, wewe umtangulie, na bunduki iwe mkononi mwako. Mimi nitakuwa nyuma yako hatua moja, na nitaimba kwa sauti mbaya kuliko wote. Sijamwambia Yaqoob. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Labda mkazi wa miaka hamsini hawatamkatalia.

Bi Mwanamize anasafiri Jumatatu, atakuletea mkononi.

Ndugu yako,
Mahfoudh


Ruwi
20 Mei 2025

Mahfoudh,

Salaam. Wiki tisa, hujaandika. Nilikueleza siri ambayo mwingine angefukuzwa kazi kwa kuitoa, nikakuuliza swali moja, na wewe umenyamaza. Nimelipata jibu langu. Yaqoob anakuja Ijumaa kula, anachekacheka, anasema Baba wa Pemba ameshashonesha kanzu. Nasriya akasema mashaallah. Mimi nikasema nipitishieni samaki.

Nakuarifu kwamba ombi lako limekataliwa rasmi. Wakubwa wameangalia jambo lote kwa mapana yake, si nyumba yetu tu, na wameona kwamba haipendekezwi kwa wakati huu. Barua ya kukataa itakufikia kupitia kwa Yaqoob. Usihangaike kukata rufaa. Msingi wake umeandikwa vizuri na mtu anayejua kazi yake.

Sitojifanya nimelia. Nilikuwa naitazama ile bunduki jana, nikafikiri, haya, itabaki ukutani, na hakuna atakayetembea mbele ya mwenzake. Nililala vizuri.

Goti la Nasriya limepona.

Marhoon


Ruwi
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Mahfoudh,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai Mama hajambo na wewe hujambo. Nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nne niliishia kwenye salamu.

Bi Mwanamize alikuja kwetu tarehe kumi na tatu Julai. Alikuwa na fimbo. Alisema aliteleza kisimani siku ya pili baada ya kukuchukulia barua, akavunjika kifundo cha mguu, na safari yake ikangoja miezi mitatu. Akafungua mkoba wake, akatoa barua yako ya tarehe nne Aprili, imepinda kidogo. Akaniomba radhi kwa kuichelewesha. Nilimpa kiti, nikampa maji, nikaingia chumbani nikaisoma.

Mahfoudh, mtu anayejua kazi yake ni mimi. Ile barua ya msingi niliiandika mimi, tarehe ishirini na mbili Aprili. Barua yako ilikuwa imeshaandikwa siku kumi na nane, iko Wete katika mkoba wa mama wa watu.

Fahd alikuwa hana njia. Sheikh anamsukuma na sheria haimsaidii. Alinambia, "Ammi Marhoon, wewe mwenyewe ni mmoja wao, unaijua khabari yao. Hakuna sababu yoyote?" Ningesema hakuna. Badala yake niliomba siku mbili. Nilikuwa nakuona wewe umeshika bunduki, Yaqoob nyuma yako, na mimi pembeni napiga makofi kama jirani. Sikuweza kuliondoa machoni. Hata kwenye sala nilikuwa nakuona na kanzu yako mpya.

Nikaandika kwamba nyumba zilizorudi kutoka Pwani ya Afrika zina heshima zote, lakini desturi ya kutembea na silaha chini ya bendera ya kabila waliiacha walipohama, na waliporudi hawakuirudia, kwa hiyo hawana haki ya kuidai leo. Nikataja nyumba zote. Nilitaja zote ili isionekane namkusudia ndugu yangu. Ndivyo tunavyofanya afisini, ukitaka kumzuia mtu mmoja unaandika kanuni ya watu wote, na hakuna atakayekunyooshea kidole. Miaka thelathini na tano nimeifanya kazi hiyo na sikuwahi kukosea.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda afisini asubuhi yake nikajaza fomu kwa jina langu. Nilikuwa na furaha, nakwambia kweli. Nikagonga mlango wa Fahd. Akaisoma fomu, akatabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha akavuta jalada akanisomea aya ya tatu. Ya kwangu.

Nikamwambia, "Nyumba yangu haikuiacha. Baba alitembea na bunduki ile kila harusi ya kijijini tangu aliporudi mpaka alipofariki. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mkanda wake wa risasi."

"Una ushahidi?"

"Mimi ndiye shahidi, niliona kwa macho yangu."

"Lakini wewe umeshatoa ushahidi, ammi. Uko hapa, na sahihi yako." Hakuwa na ubaya, Mahfoudh, hilo ndilo lililonichoma. Alisema kwa upole kama anayemrudishia mzee miwani yake. "Sasa nimsadiki nani, Marhoon wa Aprili au Marhoon wa Julai?"

Nikasema nitaandika barua nyingine kuifuta ile ya kwanza. Akasema barua ile imeshakwenda juu, imeshapita, na imetumika. Nyumba sita nyengine zimenyimwa kwa maneno yangu. Nawajua wote sita. Mmoja wao nilisoma naye Kurani. Sheikh Hamdan ameagiza nakala, anasema hajawahi kuona jambo lake likaelezwa vizuri namna ile, na tena na mmoja wao mwenyewe. Hahitaji kutaja usalama tena. Nimempa kitu kizuri zaidi.

Nimestaafishwa mwisho wa mwezi huu, kwa heshima, kuna sherehe ndogo na keki. Sikuikataa. Ningesema nakataa kwa sababu gani?

Nilikuonea wivu kwa ajili ya chuma kilicho ukutani kwangu. Nilidhani Baba alikuona wewe bora kwa kuwa mimi alinizoea. Miaka yote ile nilikaa naye meza moja na sikujua kwamba ndiyo nilikuwa nimepewa. Sasa nimeiandika nyumba yetu kwamba si kitu, kwa mkono wangu, kwa Kiarabu safi kabisa, na Disemba tutaingia kwa baba yake Rawya mikono mitupu.

Yaqoob hajui. Barua ya kukataa aliisoma, akatukana wakubwa, akaja kunipa pole mimi. Alinikumbatia.

Nifanye nini? Nijibu vyovyote utakavyo, hata matusi.

Marhoon


Wete
30 Agosti 2025

Kaka Marhoon,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu. Mwezi huu alitaka asomewe barua yako, nikamwambia ni mambo ya afisi, akasema basi isome ndiyo nipate usingizi. Sikumsomea, na wala sitomsomea.

Na mimi nina la kukiri. Barua yako ya Mei ilinifika wakati ile yangu ya Aprili ingali katika mkoba wa Bi Mwanamize, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ningeweza kuichukua nikampa msafiri mwengine. Mara mbili nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikamuuliza khali ya mguu, nikarudi. Nilipoona umeandika "mtu anayejua kazi yake" nilijua ni wewe. Hakuna mwengine duniani anayejisifu namna hiyo. Nikaiacha barua pale makusudi, ije ikufikie umeshalala vizuri siku nyingi. Kwa hiyo usidhani unamwandikia malaika.

Nyumba sita zile siwezi kukusamehe kwa niaba yao. Nenda kwao moja moja, kaa barazani, useme. Watakufukuza baadhi yao. Utakwenda hata hivyo, kabla ya Disemba, na huyo uliyesoma naye Kurani umuanze.

Upande wangu mimi, umeniuliza ufanye nini. Yaqoob kanipigia juzi, anasema kwa kuwa bunduki hakuna tena, nani atatangulia, wewe au mimi, maana wazee wa Rawya wanataka kujua wampokee nani mkono. Nimemwambia ni wewe, na sijabadilisha neno nililoandika Aprili. Utakuwa mbele, peke yako, hatua moja mbele ya watu wote. Wenyeji watakuwa wamejipanga pande mbili za njia na bunduki zao, na kila mmoja wao atakutazama mikono kabla hajakutazama uso. Watasema ni serikali, ni Sheikh, ni mambo ya kura. Yaqoob atasema hivyo hivyo, na utamwacha aseme, kwa sababu siku hiyo ni yake na hatuiharibu kwa wewe kukiri ili upumue. Utakwenda taratibu, mwendo wa harusi, mpaka mlangoni kwa baba yake Rawya. Nafasi uliyoitaka ndiyo hiyo.

Mimi nitakuwa nyuma yako kama nilivyosema, na nitaimba.

Barua yako niliisoma kibandani. Nilipoimaliza niliikunja, nikaendelea na jokofu la mwalimu wa madrasa mpaka likawaka, kisha nikakaa nikajipekua moyoni, kuutafuta ule wivu niliokuwa nao juu yako tangu nina miaka sita. Nilitafuta kwa muda mrefu, Kaka. Haumo.

Nduguyo,
Mahfoudh